Mume wangu anataka kurudi kwenye uandishi wa habari, nimemwambia achague moja. Nimekosea?

MamaTuma (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni msomaji tu humu, sijawahi kuanzisha uzi, ila leo nimeamka saa tisa usiku usingizi umekata nikasema ngoja niandike maana nikiendelea kukaa nayo itanipasua. Ni ndefu, mnivumilie. Majina nimebadilisha, mtaa nimebadilisha, miezi nayo nimeichezea kidogo kwa hiyo wapelelezi wa humu msijisumbue.

Niko Dodoma, nina saluni ndogo ya kusuka. Mume wangu, nitamwita Baba Tuma, alikuwa mwandishi wa kujitegemea, wale wa mikoani wanaolipwa kwa habari. Yani habari ikitoka gazetini unalipwa, isipotoka nauli na vocha vimekwenda na maji. Mkataba hana, bima hana. Watu wakimwona kwenye mikutano ya mawaziri na kamera shingoni wanadhani tuna hela, kumbe tulikuwa tunakula hela ya saluni.

Kipindi hicho akaanza kufuatilia ishu ya mashamba ya watu yaliyopimwa viwanja. Mnajua mji huu tangu serikali ihamie ardhi imekuwa dhahabu, mzee wa watu amelima uwele na karanga zake miaka thelathini anaamka asubuhi anakuta bikoni, yale mawe ya wapima ardhi, katikati ya shamba. Wale wazee wakawa wanakuja nyumbani, wanakaa chini ya mwarobaini na makaratasi yao kwenye mifuko ya rambo, mimi ndo nawapikia chai. Sikuwa na shida nayo, na nisiwe mnafiki, nilikuwa najivunia. Habari ya kwanza ilipotoka ukurasa wa mbele nilinunua nakala tatu, moja nikampelekea mama mkwe Kongwa.

Ikatoka ya kwanza, ikatoka ya pili. Ya tatu ndo ilikuwa na majina.

Zikaanza simu za usiku, namba haionekani. Anapokea, anatoka nje, akirudi nikimuuliza anasema ni mhariri. Mhariri gani saa nane usiku? Nikadhani ana mwanamke, Mungu anisamehe, nilipekua mpaka soksi.

Halafu siku moja akaja mwanaume saluni. Kavaa vizuri, shati jeupe limenyooshwa, akaomba soda. Mimi siuzi soda, nikamtuma binti duka la jirani akamletea. Akakaa kwenye benchi la wateja akainywa taratibuuu mpaka ikaisha, mimi niko na kichwa cha mteja mikono inatetemeka, mstari mmoja nimeufumua mara mbili. Hakuuliza kitu. Alipomaliza akairudisha chupa dukani mwenyewe, akapita tena mlangoni akasema, "Shemeji, mwambie mzee apunguze safari za vijijini, jua la Dodoma kali." Basi, akaenda zake. Hajanitukana, hajanitisha. Ukienda kituoni unaandikisha nini, kwamba kuna mtu kaja kanywa soda?

Jioni namsimulia Baba Tuma, akakaa kimya, kisha akasema alishajua kuwa wanamtafuta. Alishajua WIKI TATU. Eti hakutaka kunipa presha. Wakuu hapo ndo kwenye donda langu mpaka leo. Wiki tatu nimepita njia ile ile na mtoto mgongoni, nimefunga saluni saa mbili usiku peke yangu, natuma mtoto dukani giza limeingia, na mtu anayelala pembeni yangu anajua kuna watu wanatuhesabia hatua. Hakuniamini hata kwa kuogopa pamoja naye.

Siku nne baadaye akabeba begi akaondoka. Miezi saba. Sikujua yuko wapi, nikawa napata meseji kwa namba ngeni kila baada ya wiki mbili tatu, "tuko salama, salimia watoto". Mwenye nyumba akaja na maneno yake, "siyo kwa ubaya mama, ila na mimi nina familia", nikahama na mtoto wa mwaka mmoja. Kwenye kikoba nikaomba mkopo wakasema mume ndo mdhamini na hayupo, nikaangukia kwa kausha damu, wanaozijua zile laki tatu zinavyogeuka laki sita wanajua. Wateja wakapungua, hakuna aliyeniambia kitu, walihamia tu kwa mwingine. Mama mkwe akasema mimi ndo nilimpa mwanae kiburi kwa kupenda magazeti. Na Tuma, yuko darasa la nne wakati huo, nilimfundisha akiulizwa aseme baba kasafiri, ikafika mahali mwalimu akimuuliza hata madaftari yako wapi anajibu baba kasafiri.

Amerudi sasa mwaka na zaidi. Mambo yalipoa, sijui yalivyopoa, sikuuliza. Anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, biashara inakwenda. Lakini wiki iliyopita wale wazee wamekuja tena, sio wale wale, wengine, kijiji kingine. Wamekaa na mifuko yao ya rambo. Na juzi usiku nimeamka kwenda chooni nikaona kitaa chekundu kinawaka kwenye soketi ya sebuleni. Kachaji rekoda.

Nimemwambia ukigusa hiyo kazi tena mimi na wanangu tunakwenda Kongwa kwa mama yako, uchague. Hajajibu mpaka leo. Nimekosea?

Mtemi_wa_Nzuguni

Pole dada. Ila swali la kizushi, ulipoolewa hukujua ni mwandishi? Ni sawa na kuolewa na mvuvi halafu unalalamika ananuka samaki.

MamaTuma

Nilipoolewa alikuwa anaandika habari za mpira mkuu. Ligi ya mkoa.

Kiboko ya Mabuyu

Hahaha Mtemi kalie hapo.

Mama Tuma mimi nitasema ambalo wengi hawataki kulisema. Hawa wanaharakati wengi wana ugonjwa wa sifa. Anataka aitwe jasiri, wanaume wenzake wampigie makofi mtandaoni, na hao wapiga makofi siku ya siku hakuna hata mmoja anayeleta kilo ya sembe. Umekaa miezi saba, nani alikuletea hata sukari? Hao wazee wa mifuko ya rambo walikuja? Mwambie afuge kuku. Mashujaa wa nchi hii ni wengi, waache wengine nao washike zamu.

MamaTuma

Kiboko nikuambie ukweli, walikuja. Wawili walikuja na debe la karanga na kuku wawili, wametembea kwa mguu kutoka huko kwao mpaka barabara kubwa. Walipofika wala hawakuuliza yuko wapi. Wenzake wa kamera ndo sikuwaona.

Koresponda_Mstaafu

Hapo umenigusa shemeji yangu. Mimi nimefanya hiyo kazi miaka kumi na mbili, Singida na Dodoma. Hatukuja kwa sababu kila mmoja alikuwa anaogopa kuonekana anaingia kwako. Sijitetei, nakwambia tu ilivyo.

Wengi hamuelewi, mwandishi wa mkoani hana chombo nyuma yake. Akiwa na stori nzuri ni "mwandishi wetu", akikamatwa ni "hatuna mkataba naye". Mhariri yuko Dar kwenye kiyoyozi, jina lililoko juu ya habari ni lako, na uliowaandika unakutana nao sokoni Majengo mnagombea nyanya fungu moja. Mwandishi wa Dar akiandika kuhusu DC wa huku anapanda basi anarudi kwao. Wewe unarudi wapi?

Daudi Mwangosi alikuwa wa namna hiyo, mtu wa mkoani, Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012 kijiji cha Nyololo kule Mufindi, shughuli ya Chadema, akauawa kwa bomu la machozi katikati ya askari na wenzake wakipiga picha. Kesi imekuja kuisha 2016, askari mmoja kafungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Miaka minne hiyo mjane anaambiwa kesi inaendelea. Sisi tukaanzisha tuzo kwa jina lake, na ni jambo jema, lakini tuzo hailipi ada.

Ushauri wangu, usimzuie na usimruhusu. Muwekee masharti. Mimi na mke wangu tulikuwa na bahasha: namba ya mwanasheria, namba ya mhariri na mke wa mhariri, kadi ya benki na namba ya siri, hati ya kiwanja kwa majina mawili, na barua inayosema nikipotea masaa ishirini na nne upige kwa nani wa kwanza na nani wa pili. Hakuna stori niliyotoka nyumbani bila yeye kujua naenda kijiji gani na nalala kwa nani. Kuna stori mbili alisema hapana na nikaacha. Moja mpaka leo inaniuma, lakini nilikuwa nimekubali kuwa kura yake ina uzito.

Mwana wa Mpwapwa

Swali, huyo mhariri ulikuwa unampa kura pia?

Koresponda_Mstaafu

Mhariri alikuwa hapokei simu, angepigaje kura.

binti_ikungi

Mama Tuma mimi naongea kama Tuma. Baba yangu hakuwa mwandishi, alikuwa mtu wa haki za wachimbaji wadogo, sitaki kusema zaidi. Nimekua na simu za usiku, nimekua na "mkiulizwa semeni hamjui". Sasa nina miaka 31 na mpaka leo gari likisimama nje ya geti bila kuzima injini mwili unakufa ganzi.

Watu wanadhani watoto wa hawa watu wanachukia ile kazi. Mimi sijawahi kuchukia kazi ya baba. Nilichochukia ni kwamba mgeni akija, mchimbaji yeyote wa mbali, baba anamsikiliza masaa matatu na kalamu mkononi. Mimi nikiwa na shida naambiwa ngoja kwanza. Nilikuwa natamani niwe mchimbaji. Siku moja, na hii nasema kweli kabisa, niliandika shida yangu kwenye karatasi nikapanga foleni na wageni wake pale barazani. Nina miaka tisa. Akacheka, akanisoma, akanisaidia. Shida ilikuwa viatu vya shule.

Usimuulize tu baba yao kama atarudi kazini. Muulize atawapa foleni gani.

Kiboko ya Mabuyu

Dah.

WakiliMsomi_Dom

Nimesoma uzi wote. Niongeze upande wa sheria maana watu wanadhani hatari ni kupigwa tu. Siku hizi mtu hahitaji kuguswa. Anafunguliwa kesi isiyo na dhamana, na familia inaanza kutumikia kifungo kabla ya hukumu: usafiri wa kwenda mahabusu, chakula, wakili, kazi imesimama, kesi inatajwa inaahirishwa, upelelezi haujakamilika.

Mfano wa wazi kabisa ni mwandishi Erick Kabendera. Alichukuliwa nyumbani kwake Dar Julai 2019. Mwanzoni ikaongelewa habari ya uraia wake, baadae mashtaka yakaja ya uhujumu uchumi, kukwepa kodi na kutakatisha fedha, na kutakatisha hakuna dhamana. Mama yake mzazi, mtu mzima, akajitokeza kwenye vyombo vya habari kumuombea kwa Rais. Mama akafariki tarehe 31 Desemba 2019, mtoto yuko mahabusu. Mawakili wakaomba mahakamani aruhusiwe japo akamuage, ikakataliwa. Februari 2020 akamaliza kwa makubaliano na upande wa mashtaka, akaachiwa kwa faini na mamilioni ya kulipa. Hela inatafutwa mkuu. Mama hatafutwi.

Mandela naye ni hivyo hivyo, mama yake alikufa 1968 na mtoto wake wa kwanza wa kiume 1969, yeye yuko Robben Island, na mazishi yote mawili alinyimwa ruhusa.

Na msidhani ukifa yanaisha. Yule mwandishi wa Malta, Daphne Caruana Galizia, aliyelipuliwa ndani ya gari Oktoba 2017, alikufa akiwa na kesi zaidi ya 40 za kuchafua watu majina, na nyingi za madai zikahamia kwa warithi wake. Yani watoto wanazika mama, halafu wanaitwa mahakamani kujibu alichoandika mama.

Mtemi_wa_Nzuguni

Hii ya kurithi kesi sikuijua aisee. Sisi tunarithi mashamba.

Mama_Ntilie wa Sabasaba

Mashamba yenyewe si ndo hayo yana bikoni 😂

Mama Tuma mi nakuelewa ila usijione peke yako. Mume wangu anaendesha lori, Dar mpaka Kigoma, nalala na simu mkononi kila akiwa njiani. Kila kazi ina hatari yake. Polisi, wachimbaji, hata mimi na mafuta ya kukaangia. Tungewazuia wote wangekula nini watoto.

MamaTuma

Nakuheshimu dada, na Mungu amlinde shemeji. Ila lori likipata ajali mtaa mzima unakuja na mikeka, mwenye nyumba anakuletea mchele, wanakikoba wanachanga. Kwangu mimi mtaa ulihama. Hakuna anayekuja saluni kwako kunywa soda kwa sababu mumeo ni dereva.

Mama_Ntilie wa Sabasaba

Hapo umenimaliza. Nimenyamaza.

Mzee wa Area C

Vijana mnaongea vizuri. Niwakumbushe jambo, maana humu naona wanaume ndo wanatoka na wake ndo wanabaki. Geuzeni.

Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi hii na Mwalimu kwenye TANU, wanawake waliingia chama kwa sababu yake. Alipokamatwa kwenye kesi ya uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, ndoa yake ikavunjika akiwa huko huko ndani. Alisamehewa 1972 akatoka akaanza upya, marafiki wamemkimbia. Wangari Maathai hapo Kenya, mumewe aliomba talaka mahakamani wakaachana 1979, na alipomsema jaji vibaya akawekwa ndani siku kadhaa. Mume akataka asitumie jina lake tena, mama wa watu akaongeza "a" moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea kupanda miti.

Mwanaume akiwa mwanaharakati mke anasubiri. Mwanamke akiwa mwanaharakati mume anaondoka. Sasa wewe Mama Tuma umesubiri miezi saba na madeni juu, halafu unatuuliza kama umekosea kusema neno moja? Mimi ningekuwa mkweo ningekuletea ng'ombe.

MamaTuma

Mzee umenifanya nimecheka peke yangu saluni wateja wananishangaa. Shikamoo.

Mzee wa Area C

Marahaba mwanangu.

Mwana wa Mpwapwa

Mi nadhani tunakwepa kitu. Mleta mada anasema mume alimficha. Koresponda anasema mwambie mkeo kila kitu. Lakini kuna usalama wa kutokujua. Kama hujui aliko, hata wakikubana huna cha kusema. Labda jamaa alikuwa anamlinda.

Koresponda_Mstaafu

Hiyo nadharia tuliipenda sana sisi. Inakufanya uonekane mlinzi wakati unachokimbia ni maswali ya mkeo.

Chukua Azory Gwanda, wa Mwananchi, kule Kibiti, alikuwa anaandika mauaji ya kule Pwani. Tarehe 21 Novemba 2017 mke wake yuko shambani, mume anakuja na watu ndani ya Land Cruiser nyeupe, anamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, anamwambia ana safari ya dharura atarudi kesho. Basi, hajaonekana tena. Mama alikuwa mjamzito. 2019 waziri mmoja akasema BBC kuwa amepotea na kufa, baadae ikaja kusemwa hakueleweka. Sasa wewe uwe ndo huyo mama. Ukae eda au usikae? Ukitafuta mwenza unaitwa malaya, usipotafuta unaitwa bado anasubiri maiti. Mtoto akiuliza baba yuko wapi unajibu nini cha kweli? Msiba una mwisho, watu wanakula wali wanatandua turubai. Kule kwake turubai halijawahi hata kutandikwa.

Mara ya mwisho kuonana na mtu, mnaongelea ufunguo. Mimi hiyo ndo iliyonifanya nikaacha. Siyo vitisho. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu funguo zote naziweka hapa kwenye msumari, usije ukaniuliza wala nisije nikakuuliza.

binti_ikungi

Nimesoma hii mara tatu.

Kiboko ya Mabuyu

Nafuta nilichosema kuhusu sifa. Sio chote lakini, wapo wa sifa, nawajua wawili. Swali langu kwa mleta mada, hivi yeye mwenyewe tangu arudi mmekaa mkaongea ile miezi saba? Nimeona umeandika "sikuuliza".

WakiliMsomi_Dom

Swali la msingi. Na mimi ninalo, watoto wanajua nini?

MamaTuma

Kiboko, hatujaongea. Alirudi usiku akala ugali na mlenda, asubuhi akaanza kujenga banda la kuku. Mimi nikaona akiongea atalia, na akilia nitamchukia, au nitamsamehe, na yote sikuwa tayari.

Wakili, kuhusu watoto. Mdogo hajui kitu, anamwita baba yake "anko" mpaka leo akichanganyikiwa. Tuma ndo mtihani. Sikuandika hii mwanzo kwa sababu naona aibu.

Kabla hajaondoka, Baba Tuma alimwambia mtoto, sijui kama mchezo au nini, kwamba awe anashika namba za magari yanayosimama karibu na nyumba. Mimi sikujua. Miezi sita baadae nasaini daftari lake la hesabu nikaligeuza nyuma, kurasa kumi na moja zimejaa. Amechora mistari kwa rula. Tarehe, saa, namba ya gari, rangi, "limekaa dakika ngapi". Ameandika mpaka gari la taka. Ameandika bajaji ya muuza mkaa, kila Jumamosi, dakika tano, na pembeni kaweka tiki, nadhani maana yake huyu namjua. Ameandika pikipiki ya mwalimu wake mwenyewe alipokuja kuuliza ada. Mtoto wa miaka kumi analinda nyumba na penseli, na mimi nilikuwa namchapa kwa kushuka nafasi darasani.

Mwezi wa nne kuna usiku mmoja Baba Tuma alikuja. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mama yake. Alikuja na boda, saa sita, akaniachia elfu themanini, akawaangalia watoto wamelala hakuwaamsha, akaondoka kabla ya saa nane. Tulifanya kila kitu gizani na kwa kunong'ona. Kwenye daftari ule usiku upo. "MC" na namba zake zote, "pikipiki, nyeusi, dakika 95". Hakuweka tiki. Ameweka alama ya hatari, ile pembetatu wanayofundishwa shuleni ya usalama barabarani.

Alikuwa macho. Alikuwa dirishani anamwandika baba yake.

Mama_Ntilie wa Sabasaba

Yesu wangu.

Mtemi_wa_Nzuguni

Mama Tuma naomba radhi kwa ile ya samaki.

Koresponda_Mstaafu

Shemeji, Baba Tuma ameliona hilo daftari?

MamaTuma

Hapana. Lipo chini ya godoro langu.

Koresponda_Mstaafu

Mpe leo. Usiseme neno.

MamaTuma

MREJESHO wakuu, mlioniandikia PM nawashukuru.

Nimempa jana usiku watoto wamelala. Nililiweka mezani limegeuzwa nikaingia jikoni kujifanya naosha vyombo. Alikaa nalo kama nusu saa. Mwanzo akawa anatabasamu, nilimsikia anasema "huyu mtoto ana mwandiko mzuri". Baadae kimya. Halafu akaniita akaniuliza hii MC ya pembetatu ni nani, nikamwambia angalia saa.

Akaangalia. Akaziba ile mistari na kiganja kama mtu anayezuia jani lisipeperuke, akakaa hivyo. Hakulia. Akaniuliza swali moja tu, "nilikaa dakika 95?" Nikamwambia ndiyo. Akasema yeye alidhani ni nusu saa.

Tukaongea mpaka saa kumi. Siwezi kuandika yote. Nilimtukana kidogo. Mambo ya bahasha nilimsomea kutoka humu, na ya foleni pia, ile ya viatu ikamtoa nje akavuta sigara na aliacha miaka sita iliyopita.

Asubuhi nimeamka rekoda haipo kwenye soketi. Daftari nalo halipo mezani. Nimeyakuta yote mawili kwenye begi lake la kazi, na yeye yuko nyuma anawapa kuku maji, Tuma amekaa juu ya ndoo anamhesabia mayai. Sijui maana yake nini na sijamuuliza. Kongwa sijafungasha.

Mzee wa Area C

Mwache ahesabiwe mayai kwanza.

Mwana wa Mpwapwa

Tunasubiri mrejesho mwingine. Samahani nje ya mada, hayo mayai trei mnauza bei gani? Nina mgahawa hapa Ihumwa nahitaji trei tano kwa wiki.

MamaTuma

Njoo PM mkuu. Ila mayai ni ya Baba Tuma, ngoja nijue kwanza kama bado yuko kwenye biashara.